Shahada ya Kukata

Nchi yenyewe ipo, na jina lake nalijua kama unavyolijua wewe, ila kulitaja hadharani kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali imefungwa tangu mwenye funguo alipopandishwa cheo. Basi tuiite Nchi tu, wanaojijua watanyamaza.

Katika Nchi hiyo kulikuwa na televisheni moja, Sauti na Sura ya Taifa, na ndani yake mhariri wa picha aitwaye Sikudhani Mwinyikai. Kazi yake ilikuwa kukata kikohozi. Usicheke, ni kazi, na ina mshahara. Kiongozi wa Nchi, ambaye cheo chake rasmi ni Mlezi Mkuu, alikuwa mzee wa siku nyingi, na kila hotuba yake ilikuja na vikohozi vyake, miayo yake, usingizi wa hapa na pale, na ile tabia ya kusimama katikati ya sentensi na kuuliza, "Hivi nilikuwa nasema nini?" Sikudhani alivikata vyote. Palipobaki pengo alibandika makofi, na makofi yalikuwepo ya kila namna kabatini: ya wakulima, ya wanafunzi, ya mabalozi. Ikifika saa ya taarifa ya habari, wananchi walimwona mtu asiyekohoa wala kupiga miayo, anayeshangiliwa hata akinywa maji.

Mwanamke huyu alikuwa fundi na alikuwa na hasira, na vyote viwili alivipata kazini. Miaka yote hiyo hakuna picha hata moja iliyoisha na jina lake. Kila kipindi kilimalizika kwa jina moja, kubwa, la rangi ya dhahabu: Mkurugenzi Mkuu, Bwana Ngwale. Na Ngwale huyo, wallahi, hakujua kamera inatazama kwa upande gani. Aliwahi kupigwa picha ya ukumbusho akiwa ameshika kamera, ameielekeza kifuani kwake.

Sikudhani alitaka kitu kimoja tu. Picha moja, hata fupi, iwe ya kweli, na ikiisha litokee jina lake. Kwa hiyo Chuo Kikuu cha Taifa kilipotangaza Shahada ya Uzamili ya Habari na Filamu kwa watu walio kazini, masomo jioni, alijiandikisha kabla tangazo halijakauka gundi ukutani. Kanuni zilisema kila mhitimu atatengeneza filamu yake, na filamu bora itaonyeshwa siku ya mahafali mbele ya Mlezi Mkuu, moja kwa moja kwa taifa zima, na jina la aliyeitengeneza.

Ila kutoka kazini jioni kulihitaji ruhusa ya Ngwale. Akamfuata ofisini.

"Kusoma ni jambo jema," Ngwale akasema, akijizungusha kwenye kiti chake. "Hata mimi nimejiandikisha."

"Hongera, bosi. Basi tutakuwa wote darasani."

"Wewe utakuwa darasani. Mimi nitakuwa nimejiandikisha."

Sikudhani akamtazama, hakuelewa.

"Jina langu likiitwa, itikia," Ngwale akamfafanulia kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya chooni. "Ukishaitikia langu, itikia lako. Ugumu uko wapi?"

"Bosi, wewe ni mwanamume."

"Kwenye elimu hatubagui jinsia."

Ruhusa ikatoka.

Mwalimu wao aliitwa Dokta Mwakitosi. Alifundisha filamu kwa kuwasimulia, kwa sababu projekta ya Chuo ilikuwa imeazimwa na Wizara kwa ajili ya semina ya kubana matumizi, na semina haikuisha. Kila jioni aliita majina bila kuinua uso. "Ngwale?" Sikudhani akasema, "Nipo." "Sikudhani?" Akasema tena, "Nipo." Wenzake nyuma wakaminya vicheko. Dokta hakusikia tofauti yoyote, maana Ngwale alikuwa amemwahidi kipindi chake mwenyewe kwenye televisheni, na mtu aliyeahidiwa kipindi masikio yake hupumzika.

Ukafika wakati wa tasnifu. Sikudhani akaandika kichwa chake: "Kata: Uamuzi wa Mhariri katika Filamu." Watu wa kazi hiyo wote wanajua. Mwongozaji akitaka kamera izimwe husema kata, na pale mhariri anapokatiza picha moja kuingiza nyingine napo huitwa kata. Kwa fundi wa picha neno hilo ni kama chumvi kwa mpishi. Lakini tasnifu za Nchi hupita kwanza kwenye Kamati ya Vibali, na Kamati haikuwa na muda wa kusoma maneno yote sita. Ilisoma la kwanza.

"Kata," akasema mwenyekiti, "ni ngazi ya Serikali, chini ya tarafa na juu ya mtaa. Huyu dada anaichunguza kwa idhini ya nani?"

Faili likapelekwa Wizara ya Mikoa, Wilaya na Kata. Huko, badala ya kukasirika, wakaguswa. Tangu Nchi ipate uhuru hakuna msomi aliyewahi kuzikumbuka kata. Wakampa Sikudhani kibali chenye mihuri hadi nyuma ya karatasi, wakampa na kata ya kufanyia kazi, Kata ya Pindamgongo, na mtendaji wake akaagizwa ashirikiane na mtafiti bila kuuliza swali.

"Mheshimiwa," Sikudhani akajaribu, "kata ninayoisema mimi ni nyingine."

"Nyingine zimejaa," ofisa akamjibu. "Nenda Pindamgongo."

Akaenda. Alijisemea moyoni, potelea mbali, kwenye kata kuna watu, na penye watu pana filamu. Huko alikuwepo Mama Chausiku, mama lishe, mwenye kibanda cha nguzo na mabati jirani na ofisi ya mtendaji. Sikudhani, aliyekuja na mpiga picha na kamera ya ofisi, akaamua kumpiga picha siku nzima, tangu anapowasha mkaa mpaka sahani ya mwisho.

"Mwanangu, mimi na masufuria yangu nani atatutazama?" Mama Chausiku akauliza.

"Taifa zima, mama. Siku ya mahafali."

"Kweli?"

"Nakuahidi."

"Basi ningoje nikavae kitenge cha maana."

Na kweli alipendeza. Alipepea jiko, alionja maharage kiganjani, alimgombeza mteja anayeomba mchuzi mara ya tatu. Jambo lililomuudhi Sikudhani ni mtendaji, Bwana Kitonga, aliyekuja na suti ya sufu kwenye jua lile ili ashirikiane. Nyuma yake walisimama mgambo wa kata wenye mapanga, walioitwa kwa ajili ya operesheni usafi ambayo tarehe yake ilikuwa haijatajwa. Walisimama tu, wakisubiri amri. Mgambo wa Nchi wanafunzwa hivyo. Amri haiulizwi imetoka kinywani mwa nani, inaulizwa imetekelezwa saa ngapi.

Mama Chausiku akapakua sahani ya mwisho, akatabasamu. Picha ilikuwa safi kabisa. Sikudhani, kwa raha ya mtu aliyepata alichokitafuta, akasema kwa sauti kama asemavyo kila mwongozaji:

"Kata."

Mgambo wakakata. Walianza na nguzo za mbele, wakaja za nyuma, wakamalizia kamba. Mabati yakashuka juu ya masufuria, maharage yakatiririka mpaka kwenye mtaro. Fundi wa idara ya maji aliyekuwa akipita na msumeno wake, aliposikia kuna kukata, akaona asibaki nyuma, akakata bomba la mtaa mzima. Bwana Kitonga naye, kwa kuwa kata yake ilikuwa imetajwa, akajitosa mbele ya kamera na kuanza kueleza mafanikio. Sikudhani alipiga kelele, "Acheni, acheni jamani," lakini neno hilo halimo kwenye mafunzo ya mgambo. Mpiga picha alichanganyikiwa hata akasahau kuzima kamera.

Vumbi lilipotua, Mama Chausiku alikuwa amesimama katikati ya kilichokuwa kibanda chake. Akaitazama kamera, kwa kuwa ndiyo pekee iliyokuwa ikimtazama.

"Nani kasema kata?" akauliza.

Sikudhani alijua ni nani aliyesema. Aliokota mabati pamoja na yule mama mpaka jua likazama, na muda wote alikuwa akiwaza jambo hilo hilo. Neno lilikuwa lake. Mapanga hayakuwa yake, na aliyeyanoa hakuwa yeye.

Serikali ilisikitika sana, hasa kwa sababu suti ya Bwana Kitonga ilirukiwa na maharage. Ikaunda tume kumtafuta mkosaji, Ngwale akiwa katibu, na tume haikuchelewa kumpata. Mkosaji alikuwa ni neno. Jioni hiyo Ngwale mwenyewe akalisoma agizo kwenye televisheni, ametia tai mpya:

"Kuanzia sasa, neno kata, pamoja na ndugu zake wote, halitatamkwa na mtu asiye na mamlaka ya kata au zaidi. Watengeneza filamu wanaotaka kusimamisha kamera watasema hivi: Mheshimiwa Kamera, kwa heshima na taadhima, tunakuomba upumzike."

Wapiga picha walijaribu. Maneno hayo yalipofika mwisho, mwigizaji alikuwa ameshapanda basi. Wakabuni ishara ya mkasi, vidole viwili vinavyofunguka, kumbe vidole viwili ni alama ya chama cha upinzani, na wawili kati yao wakalala rumande. Wauza nyama wakawa wanatenganisha nyama. Abiria wakawa wanaomba kufarakanishiwa tiketi. Hospitali zikaagizwa zihakikishe hakuna mgonjwa anayekata roho bila barua ya mtendaji wake, na takwimu za vifo zikashuka vizuri sana. Kukata tamaa nako kukawa kosa, na Waziri akatangaza kwamba Nchi hiyo ndiyo ya kwanza duniani ambayo hakuna raia aliyekata tamaa, angalau kwa mdomo.

Chuoni, Dokta Mwakitosi akafuta nusu ya somo. "Tutasoma kuunganisha peke yake," akasema. Na kazini Sikudhani akaendelea kuviondoa vikohozi vya Mlezi Mkuu kimya kimya, maana vidole vyake vilikuwa havisemi, na hakuna aliyetaka kujua.

Filamu akaimaliza. Akaiita "Nani Kasema?" Ilianza na mkaa ukipepewa, ikaisha na uso wa Mama Chausiku na swali lake, kisha jina: Sikudhani Mwinyikai. Aliitazama peke yake katika chumba cha uhariri, akalia, akajifuta, akaiwasilisha.

Siku chache baadaye Ngwale akamwita.

"Nimeiona filamu yangu," akasema.

"Yako, bosi?"

"Kamera ya nani?"

"Ya ofisi."

"Na ofisi ya nani?" Alikuwa ameshaipa jina jipya, "Usafi Waingia Pindamgongo," na alikuwa amemwagiza kijana wa kabati la makofi abandike makofi ya wakulima pale nguzo zinapoanguka. Jina la Sikudhani pale mwishoni lilikuwa limefutwa. Sehemu ya yule mama ilikuwa imebaki, kwa sababu kuiondoa kulihitaji mtu anayejua kuiondoa, na mtu huyo alikuwa amesimama mbele yake amekunja mikono.

"Huu mwisho uuka... uupunguze," Ngwale akasema.

"Siupunguzi."

"Basi siku ya mahafali, wewe ndiye utakuwa kwenye gari la matangazo. Ikifika kwenye makofi utaisimamisha. Huko mbele hakuna haja ya watu kufika."

Sikudhani akatoka bila kuaga, akaenda moja kwa moja kwa Dokta Mwakitosi. Dokta alimkaribisha kiti, jambo ambalo kwa Dokta ni dalili mbaya.

"Dada yangu, tatizo ni sauti."

"Sauti gani?"

"Darasani ilisikika sauti moja ikiitikia majina mawili. Kamati ya Mitihani imelijadili kwa kina. Sauti moja haiwezi kuwa ya watu wawili, kwa hiyo lazima mmoja wenu hakuwepo. Kamati imeona sauti hiyo ni ya mwenye cheo."

"Yaani mimi sikuwepo?"

"Hukuwepo."

"Na kazi zangu ulizokuwa ukinisahihishia hapa hapa, mezani hapa, ukiniuliza habari za nyumbani?"

"Nilikuwa namsahihishia Bwana Ngwale. Ana mwandiko mzuri sana."

"Nitakata rufaa."

Dokta aliinuka akafunga dirisha. "Neno hilo, dada, tafadhali. Nina watoto. Unaweza kuiomba rufaa, kwa heshima na taadhima, ipumzike."

Huyo ndiye msomi wetu. Sikudhani akatafuta tusi la kumtosha, akaona yote yanampunja. Akaondoka.

Akapita Pindamgongo. Mama Chausiku sasa aliuza maandazi kwenye ndoo, juani, akihamahama kila mgambo wakitokea.

"Ile picha inatoka lini, mwanangu? Nimewaambia majirani."

"Siku ya mahafali, mama. Inatoka."

"Na wewe utaandikwa?"

Yule mama akaacha kuhesabu maandazi, akamtazama.

"Nitaandikwa," Sikudhani akasema.

Siku ya mahafali uwanja wa taifa ulipambwa kwa bendera. Wakubwa walikaa chini ya turubai kubwa jeupe, lenye uzito wa kutosha kufunika kijiji, limening'inizwa kwa kamba nene pande zote. Heshima ya kulinda kamba hizo walipewa mgambo wa Kata ya Pindamgongo, waliokuwa wametunukiwa nishani ya utii. Walisimama wima na mapanga yao, wakisubiri amri. Ngwale alikaa mstari wa mbele, kavaa joho, na ndani ya joho kaficha redio ya mkononi ili aendelee kuongoza matangazo. Sikudhani alikuwa nje ya uwanja, ndani ya gari la matangazo, mbele ya vioo vyake.

Mlezi Mkuu akasimama kuhutubia. Akakohoa. Siku zote, kikohozi kikija, Sikudhani huhamia haraka kwenye kamera ya wanafunzi wanaopiga makofi. Siku hiyo alikalia mikono yake. Kikohozi kikaenda kwa taifa zima, kirefu, chenye makohozi. Kwenye mabaa na vibarazani watu wakatazamana. Kumbe anakohoa.

"Elimu," akasema Mlezi Mkuu, "elimu ndiyo... Hivi nilikuwa nasema nini?" Akakaa chini kufikiri, na kidevu kikashuka taratibu hadi kwenye nishani.

"Sikudhani," redio ikanong'ona. "Umelala? Hamisha picha. Weka filamu yangu."

"Sawa, bosi."

Akaiweka. Kwenye kioo kikubwa cha uwanja na kwenye kila televisheni ya Nchi, nguzo za Pindamgongo zikaanza kuanguka na wakulima wakaanza kushangilia. Ngwale akainama kidogo kupokea pongezi za jirani zake. Makofi yakaisha. Filamu ikaendelea. Vumbi likatua, na Mama Chausiku akaujaza uwanja, uso wake mpana kuliko jukwaa, kitenge chake cha maana kimechafuka maharage.

"Nani kasema kata?" akauliza.

Neno lilikuwa limetamkwa mbele ya Mlezi Mkuu, naye akazinduka. "Eh? Nani kasema?"

"Simamisha," redio ikakoroma.

"Kusimamisha kuna maneno yake, bosi. Uliyasoma mwenyewe."

Ngwale alikuwa amesimama sasa, amerudi nyuma hadi kwenye kinasa sauti cha Mlezi Mkuu bila kujua, joho limemkaa upande. "Mheshimiwa Kamera," akaanza, "kwa heshima na taadhima, tuna... tunaku..." Uso wa Mama Chausiku ulikuwa bado unamtazama. "Sikudhani. Mwanangu. Kata."

"Kata ipi, bosi?"

"Kata."

"Zipo nyingi. Nyingine zimejaa."

Hapo Ngwale akasahau redio, akasahau joho, akasahau na agizo lake. "Kata," akanguruma, na kinasa sauti kikaipokea pumzi yake yote kikaigawa kwa spika za uwanja mzima. "Nimesema kata. Kata zote. Kata sasa hivi."

Mgambo wa Pindamgongo hawakuuliza. Walianza na kamba za mbele, wakaja za nyuma. Turubai likashuka bila haraka juu ya mawaziri, juu ya Dokta Mwakitosi, juu ya Kamati ya Vibali na ya Mitihani, juu ya Mlezi Mkuu na kikohozi chake. Taifa zima likaona. Hakukuwa na mtu wa kuizima kamera, kwa sababu waliokuwa na mamlaka ya kulitamka lile neno walikuwa wote chini ya turubai, wakitambaa, na kwa juu vikaonekana vinundu vikienda huku na huku.

Sikudhani alisikia viatu vya askari vikija mbio kwenye kokoto. Hakuharakisha. Akaandika jina lake kwenye kioo, herufi moja moja, nyeupe, chini ya vile vinundu vinavyotambaa, kisha akaziacha zikae, hata anayesoma kwa kufuatisha kidole amalize. Kioo kidogo cha pembeni kilimwonyesha watu waliosimama kwenye majukwaa ya jua, midomo ikichezacheza, wakilisoma.

Mlango ukagongwa, akaufungua mwenyewe. Ofisa alikuwa anahema, jasho limemlowesha kofia.

"Hii kazi ni ya nani?" akauliza.

Sikudhani akasogea kando ili kioo kionekane.

"Soma," akamwambia.